Siku Wazee wa Kaloleni Walipojifunza Kutosalimiana

Vijana mnaofunga mabegi, nipeni dakika chache kabla hamjavuta zipu. Kwa miaka kumi na minane kazi yangu pale Malindi ilikuwa kuwatayarisha watu wanaohamia nchi za watu. Mambo ya viza na tiketi yalikuwa na wenyewe. Mimi nilifundisha vitu visivyoandikwa kwenye fomu yoyote: namna ya kusimama ndani ya lifti na mtu usiyemjua, namna ya kula mbele ya mwenzako bila kumkaribisha, namna ya kusema hapana na ikabaki kuwa hapana. Nimeiacha kazi nikiwa na miaka arobaini na saba. Siku hizi watu wanajifunza kwenye simu wakiwa wamelala kitandani, na mimi mwenyewe sikuumbwa kukaa mahali pamoja. Nimepanga chumba Mtwapa, mwezi wa nane huu, na tayari nimeanza kuulizia vyumba Mariakani.

Nikiikumbuka kazi ile hucheka peke yangu, mpaka nifike kwa Kache. Huyo nilimfundisha vizuri kupita kiasi, nusura nimzuie kuondoka. Nitamfikia. Kwanza mjue shule yenyewe ilikuwaje.

Aliyeianzisha ni Bi Mwanaisha, mwanamke wa Malindi mjini hasa, buibui safi na saa kubwa ya kiume mkononi. Alikuwa amewapikia wageni miaka mingi kwenye majumba ya ufukweni, na familia moja ikamchukua ikakaa naye kwao Ulaya miaka mitatu. Aliporudi akakodi chumba juu ya duka la magodoro, akaweka viti kumi na ubao. Mimi nilikuwa nimetoka Ujerumani, nilikokuwa naosha masufuria katika hoteli moja. Nilipokwenda kuomba kazi hakuniuliza nilifanya nini huko. Aliniuliza, "Huko ulikosea nini?"

Nikamweleza habari ya lifti. Siku yangu ya pili katika jengo nililopanga, niliingia kwenye lifti nikamkuta bwana mmoja wa makamo. Nikamwamkia. Akaitikia kwa kichwa. Nikaona salamu haijakamilika, nikamuuliza ameamkaje. Nikamuuliza nyumbani hawajambo. Nikamuuliza kazi inaendeleaje, na kama mvua ile ya usiku ilimsumbua. Mlango ulipofunguka ghorofa ya pili akatoka mbio. Nilikuja kujua baadaye kwamba anakaa ghorofa ya sita. Alipanda ghorofa nne kwa miguu ili asinijibu habari za mvua.

Bi Mwanaisha alicheka mpaka akashika ukuta. "Kazi umepata," akasema. "Mtu ambaye hajaaibika hana la kufundisha."

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Tulikuwa na kengele ya mlango iliyopigiliwa kwenye kipande cha mbao, bila mlango. Tulikuwa na mashine ya kufyonza vumbi isiyo na mota, ambayo wanafunzi waliisukuma huku wakitoa mlio kwa mdomo. Na tulikuwa na makoti matatu mazito ya mtumba. Kwa somo la baridi tuliwapeleka watu kwenye chumba cha barafu cha mfanyabiashara wa samaki, watatu watatu, dakika kumi. Bi Mwanaisha alisimama nje akitazama saa yake, na ndani mtu alitakiwa afunge vifungo vya koti akiwa amevaa glavu, afungue begi, atoe karatasi, aisome kwa sauti. Nawaambieni, vifungo na glavu ni elimu. Kuna mhasibu aliyesoma mpaka chuo kikuu, alitoka mle analia kwa sababu ya kifungo kimoja. Makoti yenyewe yalinuka changu na jodari miaka yote. Ushauri wangu: koti usinunue hapa, nunua hukohuko, hapa nunua soksi tu.

Somo gumu kuliko yote halikuwa baridi, lilikuwa chakula. Nilikuwa namketisha mwanafunzi na sahani ya viazi vya karai, halafu napita mbele yake polepole. Alitakiwa ale asiseme karibu. Basi. Hakuna aliyeweza siku ya kwanza. Mmoja, fundi bomba kutoka Watamu, alifumba mdomo kwa nguvu zake zote, jasho likamtoka, nikadhani amefaulu. Nilipofika mlangoni akaninong'oneza, "Mwalimu, nimekubakizia kimoja."

Na mwaliko. Niliwaeleza kwamba huko mtu anaweza kukualika chakula cha wiki mbili zijazo. Dada mmoja akainua mkono. "Wiki mbili? Mimi nitajuaje kama siku hiyo nitakuwa na njaa?" Nikahamia somo lililofuata.

Somo la hapana lilikuwa na mazoezi ya wawili wawili. Mmoja anamwomba mwenzake kitu, mwenzake anasema hapana, kisha ananyamaza. Kule kunyamaza ndiko kulikokuwa na kazi. Ukisimama nje ya darasa ulisikia, "Hapana... labda jioni." "Hapana, lakini niulize tena." "Hapana, inshallah." Kulikuwa na mzee mmoja, mtaratibu kabisa, aliyekuwa anamfuata mtoto wake Kanada. Alisema hapana moja safi, kisha akakaa chini akaomba maji, na kesho yake alimletea yule aliyemkatalia kilo mbili za maembe.

Wengi wao nilijua wanasahau kila kitu wakishuka ngazi zetu. Chini, mbele ya magodoro, walikuwa wanasalimiana upya kana kwamba wameonana baada ya mwaka. Hiyo haikunisumbua. Mtu alikuwa anabeba kidogo, kinachomtosha.

Kache hakubeba kidogo. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, kwao ni ndani ya Kaloleni, na alikuwa amepata mkataba wa miaka mitatu wa kuwatunza wazee katika nyumba ya wazee Ujerumani. Mamake na mdogo wake walikuwa wanamtegemea. Aliketi kiti cha mbele, aliandika kila kitu, na alikuwa mtu wa kwanza katika historia ya chumba kile kula viazi vya karai mbele yangu, sahani nzima, bila kupepesa jicho. Bi Mwanaisha alikuwa amekwisha pumzika kazi wakati huo, lakini nilimpigia simu kumweleza. Akasema, "Huyo mwangalie." Nikadhani anamsifu.

Jumatatu moja asubuhi, Kache amebakisha siku tatu tu kusafiri, akaja akasimama mlangoni asiingie.

"Mwalimu, siendi," akasema.

"Viza imekataliwa?"

"Viza ninayo. Mjomba amekataa kunipa maji."

Hapa niwaeleze. Nyumbani kwao mtu haendi safari ya mbali mpaka kakake mama achukue maji mdomoni, ampulizie kifuani na kumtamkia maneno ya heri. Bila hayo ni kama mtu ametoroka. Kache alikuwa msomi na Mkristo wa kuimba kwaya, lakini aliniambia waziwazi, "Mimi ndege bila maji ya mjomba sipandi. Nikiugua huko nitasema ni hayo. Nikivunjika mguu nitasema ni hayo."

"Mmekosana nini?"

"Nilifanya mazoezi," akasema.

Alikuwa amekwenda kwao Ijumaa kuaga. Jumamosi asubuhi alikutana na mjombake njiani akitoka kugema mnazi, akampa lile tabasamu la lifti nililomfundisha, midomo imefungwa, kichwa chini kidogo, akapita. Mchana akala yai lake la kuchemsha mbele ya watu wanne. Jirani alipokuja kumwona, Kache alimwambia pale mlangoni, "Ungenipigia simu kwanza." Na jioni mjombake alipomwita aje wale pamoja alijibu, "Hapana." Kisha akanyamaza, vilevile nilivyomfundisha.

"Ulinyamaza kwa muda gani?" nikauliza. Nilishindwa kujizuia, ni mazoea ya ualimu.

"Mpaka akaondoka."

Kwa kifupi, mjomba, ambaye jina lake Karisa, alikuwa amewaambia watu wa nyumbani kwao kwamba huyu si Kache. Kache amechukuliwa, hiki kilichorudi ni kitu kingine, na yeye hawezi kukipulizia maji kitu asichokijua.

Kesho yake mapema nilifika Kaloleni na Kache, kwa matatu kisha bodaboda. Kwa nini nilibeba ile kengele ya mbao sijui, nadhani nilitaka kushika kitu. Niliwakuta watu kumi na wawili uani, na mzee Karisa katikati, kwenye kigoda, amevaa fulana ya mpira iliyopauka, kisu cha kugemea kiunoni. Salamu zilichukua karibu nusu saa. Niliulizwa mimi, kisha watu wangu, kisha Malindi kwa ujumla, kisha barabara. Halafu akasema, "Sasa sema. Mtoto mmemfanya nini?"

Nikaeleza. Nchi anayokwenda watu wanapitana bila kusalimiana, nami nilikuwa namzoesha.

"Kuna vita?" akauliza.

"Hakuna vita, mzee wangu."

"Wamekosana?"

"Hawajakosana."

"Wana haraka."

"Wengine hawana hata haraka."

Akawageukia wenzake. "Mnamsikia mwalimu? Watu hawana vita, hawajakosana, hawana haraka, na hawasalimiani. Sasa wana nini hao?"

Nikaona maneno hayatoshi. Nikaomba majivu, nikachora barabara uani kutoka jikoni mpaka zizi la mbuzi. Nikawaambia hii ni Ujerumani. Nikawaomba wazee sita watembee humo, watatu wakienda na watatu wakirudi, wapishane karibu kabisa, na asitoe mtu neno. Walisimama wakacheka, kisha wakajipanga. Wazee wa kwetu ukiwaambia jambo haliwezekani hutaka kulijaribu.

Safari ya kwanza haikufika nusu. Mzee mmoja aitwaye Baya alipokaribiana na mwenzake, mkono wake ulinyanyuka wenyewe. "Samahani," akasema, "ni huu mkono."

Safari ya pili walitembea wakiangalia chini, wote sita, kama watu waliopoteza sindano. Baya akamkanyaga mbuzi. "Pole," akamwambia mbuzi. Akasimama, akaniangalia kwa wasiwasi. "Mwalimu, mbuzi anaruhusiwa?"

Nikaona lazima niseme kweli. "Mnyama anaruhusiwa. Huko ukiwa na mbwa, watu wanasimama. Wanamsalimu mbwa, wanamuuliza jina, wanamkuna kichwa."



"Mbwa anasalimiwa," mzee Karisa akasema polepole.

"Anasalimiwa."

"Na mwenye mbwa?"

"Mara nyingine."

"Basi Kache apewe mbwa," akasema Baya.

Kukawa na mjadala mrefu hapo. Wengine walikuwa tayari kutoa mbwa. Kulikuwa na mbwa mmoja mwekundu aliyelala kando ya pipa ambaye alipendekezwa kwa jina, na nilitumia dakika nyingi nikieleza habari ya chanjo na vibali. Mzee Karisa hakuchangia. Alikuwa anaangalia ile barabara ya majivu kama mtu anayesubiri kuona mchezo wa ulaghai uko wapi.

"Huu ni uongo," akasema hatimaye. "Binadamu hawezi. Mmeona wenyewe, wazee sita wameshindwa."

Ndipo mamake Kache akatoka jikoni. Mwanamke mfupi, mkimya, siku zote zile hakuna aliyemuuliza maoni yake. Akafuta mikono kwenye leso, akaingia kwenye barabara. "Kaka, njoo upite," akasema.

Mzee Karisa akaamka, akaingia upande wa zizi. Wakaanza kutembea. Mama yule alikwenda mwendo wa kawaida kabisa, macho mbele, uso hauna chuki wala furaha. Walipofikiana mzee akatabasamu, akafungua mdomo. Dadake alimpita. Hakugeuza shingo. Alipita kama unavyopitwa mlingoti, akafika mwisho wa majivu, akasimama huko akiwa ametupa mgongo.

Mzee Karisa alibaki pale katikati. Watu wawili waliocheka waliacha.

"Mamake Kache," akaita.

Kimya.

"Dada. Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea," akajibu bila kugeuka. "Niko Ujerumani."

Nimefundisha miaka kumi na minane na sijawahi kuona Mjerumani bora kuliko yule mama. Lakini sikucheka, kwa sababu mzee alikuwa ameshika kifua kwa kiganja, pale mtu anapopigwa kiwiko. Alirudi kwenye kigoda chake akaketi. Kache alikuwa amesimama kando ya ukuta tangu tufike. Mzee akamwita kwa kidole.

"Utapitwa hivyo?"

"Ndiyo, mjomba."

"Mara moja moja."

"Kila siku. Asubuhi na jioni."

"Miaka mitatu."

"Mitatu."

"Na ile Jumamosi uliponipita njiani?"

"Nilikuwa nataka kujua kama nitaweza," Kache akasema. "Nilikupita, nikaenda nyuma ya choo nikalia. Nikajiambia basi nimeweza."

Mzee akatazama chini. Alipoinua uso alikuwa na sura ya mtu aliyekwisha amua kazi na sasa anatafuta watu wa kuifanya. "Anakwenda mahali pa njaa," akawaambia wale kumi na wawili. "Mtu akienda mahali pa njaa tunamfungia chakula. Haya, jipangeni. Tumsalimu zake zote kabla hajaondoka."

"Za miaka mitatu?" akauliza Baya.

"Unakwenda wapi wewe?"

Walijipanga, nami nilijikuta kwenye mstari, na kengele yangu mkononi. Kila mmoja alimshika Kache mkono akamwamkia kikamilifu. Ameamkaje, mwili wake, usingizi wake, wale wazee anaowatunza wameamkaje, baridi ya huko imepungua, chakula kinapita. Kache alijibu yote. Alijibu kuhusu wazee ambao hajawaona na theluji ambayo haijamwangukia, na hakuna aliyeona ajabu. Mama mmoja alimuuliza jirani yake wa ghorofa ya juu anaendeleaje na mguu. "Umepata nafuu," Kache akasema.

Mjomba alikuwa wa mwisho. Alimaliza salamu zake ndefu, Kache akaitikia, mikono yao bado imeshikana. Tukadhani imekwisha.

"Hizo ni za kesho," mzee akasema. "Sasa za kesho kutwa."

Akaanza upya. Alipomaliza akaenda ya siku iliyofuata. Hakuruka neno. Ikifika Jumapili aliuliza kama kanisa lilijaa. Jua lilipanda, wengine wakaketi, mamake Kache akarudi jikoni, mbuzi wakatembea juu ya Ujerumani wakaifuta. Mimi nilikuwa naangalia saa kwa sababu ilibidi Kache arudi Malindi kuchukua vitu vyake, lakini nani angemkatiza? Alifika mwezi wa pili. Sauti ikawa inakwaruza. Akiwa katikati ya kuuliza kama barua ya mshahara imekuja, ilikatika kabisa.

Akaashiria maji. Mamake Kache akaleta kata. Mzee akanywa funda moja, akalimeza. Akachukua la pili, akalikaza mashavuni, na bila kumwachilia Kache mkono akampulizia lote kifuani.